ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO
Maneno juu ya Mkutano Mkuu wa Kijiji

(Maneno haya yameandikwa ili yasomwe kwa sauti barazani. Mwalimu, au kijana ye yote ajuaye kusoma, na awasomee wale wasiojua.)



Nataka kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidhani kuwa dogo, kumbe ni kubwa. Jambo hilo ni mkutano wa kijiji.

Ninyi mnajua jinsi mambo yalivyo katika vijiji vingi vya Tanzania. Mwenyekiti atoa tangazo kwamba siku fulani, saa tatu asubuhi, kutakuwa na mkutano mkuu. Siku ile ikifika, kengele ya shule hupigwa, au kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Saa tatu amekuja mwenyekiti na mtendaji. Saa nne wamekuja wazee kumi na wawili. Saa tano pengine wamefika watu arobaini, na nusu yao wamekaa mbali, wakitazama jua. Wengine wako wapi? Huyu asema ana ng'ombe wa kuchunga, yule asema leo ni siku ya gulio, na wa tatu asema, "Hayo ni mashauri ya wakubwa. Watakayoyakata, sisi tutaambiwa."

Neno hili la mwisho ndilo ninalotaka kulijibu. Si kweli kwamba ni mashauri ya wakubwa. Kwa sheria ya nchi, katika mambo ya kijiji, mkubwa ni mkutano. Na mkutano ni wewe.

Tuanze na mambo ya kale, tupate kujua tumetoka wapi. Tangu zamani makabila yetu yalikuwa na mabaraza. Wengine walikuwa na watemi, na mtemi alikuwa na washauri wake. Wengine hawakuwa na mtemi hata mmoja, bali wazee wa koo walikaa chini ya mti wakasemezana mpaka wakapatana. Kisha, katika siku za utawala wa Waingereza, Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mwaka 1926, iliyowafanya machifu kuwa wenye mamlaka wa nchi zao chini ya Serikali. Machifu wengi wenye busara waliendelea kuwasikiliza wazee wao. Lakini mbele ya sheria mamlaka yalitoka juu yakashuka chini, kutoka kwa Gavana hata kwa D.C., kutoka kwa D.C. hata kwa chifu, na mwananchi alikuwa mtu wa kupokea amri.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, madaraka ya machifu katika Serikali yalifutwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya kuandikisha vijiji na kuvipa mkutano mkuu na halmashauri. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mpya za serikali za mitaa, moja kwa wilaya na moja kwa miji, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Tangu hapo Katiba yenyewe, katika ibara ya 145 na ya 146, yasema kwamba serikali za mitaa zitakuwapo, na kwamba kusudi lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Angalieni neno hilo. Haikuandikwa "kupeleka habari kwa wananchi." Imeandikwa madaraka.

Sasa sheria ile ya wilaya ya mwaka 1982 yasemaje juu ya kijiji? Yasema kwamba kila mtu akaaye kijijini kwa kawaida, aliyetimiza miaka 18, ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haikuuliza kama amesoma au hakusoma, kama ana nyumba ya bati au ya nyasi, kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama babu yake alizaliwa hapo. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo yote ya kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wajumbe wote, wakiharibu kazi.

Halmashauri yenyewe ni watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji vyote, na wanawake wasipungue robo moja. Kazi zake imezigawa katika kamati, ile ya fedha na mipango, ile ya huduma za jamii, na ile ya ulinzi na usalama. Afisa mtendaji wa kijiji ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, naye ndiye katibu anayeandika maneno yote. Mkutano mkuu hukutana kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Mara nne tu! Mtu aliyekosa mara mbili amekwisha poteza nusu ya mwaka wake wa utawala.

Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Pigeni hesabu ninyi wenyewe mjue ni mikutano mingapi yapasa kufanyika kila mwaka, na ni maneno mangapi ya nchi hii hukatwa chini ya miti, si Dodoma wala Dar es Salaam.

Pengine mtu atauliza, "Tukishakutana tunakata nini?" Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, kama juu ya mifugo inayoharibu mazao, au kukata miti penye chemchemi, au usafi wa kisima. Lakini kabla ya kuitunga yapasa kuwaita wanakijiji katika mkutano na kusikia maoni yao, kisha sheria hiyo hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya ipate kukubaliwa. Mtu aliyekaa nyumbani siku ile, kisha akatozwa faini kwa ng'ombe wake, hulia kwamba ameonewa. Labda ameonewa kweli, labda hakuonewa. Lakini siku ya kusema ilikuwa siku ya mkutano.

La pili ni fedha. Michango ya madarasa, fedha za mradi wa maji, ushuru wa gulio, mapato ya msitu wa kijiji, hayo yote yana hesabu. Wanakijiji wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mwenyekiti mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa maana hesabu iliyosomwa mbele ya watu humwondolea masingizio. Asiyependa kuulizwa ndiye wa kuulizwa zaidi.

La tatu, nalo ndilo zito kupita yote, ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mtu aliyewekewa amana asimamiavyo mali ya yatima. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Kwa hiyo sheria hiyo yaikataza halmashauri kumgawia mtu ye yote ardhi mpaka mkutano mkuu umekwisha kukubali. Tena, kila mkutano wa kawaida, halmashauri yapaswa kutoa habari ya jinsi inavyoisimamia ardhi na kuyatia moyoni maoni ya watu. Na baraza la ardhi la kijiji, lile linalopatanisha wagombanao kwa ajili ya mipaka, lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake, nao yapasa wakubaliwe na mkutano mkuu. Vile vile sheria hiyo yasema haki ya mwanamke kupata na kuwa na ardhi ni sawa na haki ya mwanamume. Desturi inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria.

Sikilizeni mfano. Ni mfano wa kutunga, wala si habari ya kijiji fulani, lakini kila mmoja wenu atauona kuwa unafanana na jambo alilopata kulisikia.

Palikuwa na kijiji chenye watu wazima mia sita. Alikuja mgeni katika gari, akaomba eka 150 bondeni, mahali ng'ombe wanywapo maji wakati wa kiangazi. Aliahidi kujenga zahanati. Wajumbe wa halmashauri walimpenda, akaambiwa angoje mkutano. Siku ya mkutano walikuja watu arobaini na watano. Walisema juu ya michango, wakasema juu ya choo cha shule, jua likapanda, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Neno la bonde liliachwa mpaka mwisho, katika "mengineyo." Waliobaki walikuwa kumi na wanane. Hakuna aliyeuliza mipaka ni ipi, wala ni kwa miaka mingapi, wala zahanati itaanza lini. Mikono michache iliinuliwa, ikaandikwa kitabuni: "Wanakijiji wamekubali."

Mvua zilipokwisha, trekta likaingia bondeni. Siku hiyo hakuna aliyesema ana ng'ombe wa kuchunga. Walitoka watu mia tano, wenye fimbo na wenye vilio. Askari wakaitwa, vijana wawili wakalala rumande. Kisha ikaanza safari ya kwenda wilayani, kisha mkoani, kisha kwa wakili, na kila safari ina nauli yake. Mwaka wa pili ulipita, bonde limefungwa kwa waya, na ng'ombe wanakufa kwa kiu.

Nawauliza, ndugu zangu: wale mia tano waliopiga kelele siku ya trekta, kama wangalikuja siku ya mkutano, wangalihitaji kupiga kelele? Neno moja tu, "Hatukubali," au hata, "Tuonyesheni kwanza ramani," lingalitosha. Sheria ilikuwa upande wao tangu mwanzo. Lakini sheria ni kama jembe, halilimi lenyewe. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wala msidhani ninawashitaki wenyeviti. Yuko mwenyekiti mwovu afurahiaye mkutano mtupu, kwa maana usiku wa mwizi ni giza. Lakini wako wengi walio wema, na mkutano mtupu huwavunja moyo. Mwenyekiti mwema ataka kuchimba kisima. Hana watu wa kukubali mahali. Ataka kumwondoa mjumbe aliyekula fedha. Hana watu wa kumwondoa. Mwishowe naye huamua peke yake, si kwa uovu bali kwa kuchoka, na kesho yake huitwa mdikteta na watu wale wale waliokataa kuja.

Labda mtu atasema kwamba mambo haya ya kukutana ni ya watu wa mashamba, na kwamba miji mikubwa ya ng'ambo haina haja nayo. Basi nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Los Angeles, mji mkubwa wa Marekani wenye watu karibu milioni nne. Baraza la mji ule lina wajumbe 15 tu. Mtu mmoja awawakilisha watu zaidi ya laki mbili na nusu. Atamjuaje kila mmoja na shida yake? Watu walinung'unika, na wale wa bonde la San Fernando walitaka hata kujitenga wawe na mji wao. Basi mwaka 1999 wenyeji walipiga kura wakakubali katiba mpya ya mji, iliyoanzisha mabaraza ya ujirani. Leo mabaraza hayo yamekaribia mia moja. Wajumbe wake huchaguliwa na watu wa ujirani ule, nao hufanya kazi bila mshahara. Hukutana jioni, baada ya kazi, wakasema juu ya barabara, taa, miti na nyumba zinazojengwa. Mwaka 2002 ilipigwa kura ya kujitenga, na mji haukugawanyika.

Lakini angalieni tofauti. Mabaraza yale ya Los Angeles kazi yake ni kushauri. Huandika maoni yao wakayapeleka kwa baraza la mji, na baraza la mji laweza kuyafuata au kuyaacha. Watu wa mji tajiri namna ile huacha chakula cha jioni waende kutoa ushauri tu. Sisi, katika kijiji chetu, tumepewa zaidi ya ushauri: tumepewa kuchagua, kuondoa, kukubali na kukataa. Nasi twaacha viti vitupu! Je, si aibu mtu kupewa ng'ombe wa maziwa, kisha akafa kwa kiu kwa sababu hataki kuamka kumkama?

Sasa yatupasa kufanya nini? Nitasema kwa ufupi.

Kwanza, tujue siku. Mikutano minne ya mwaka na ipangwe mapema, isigongane na siku ya gulio wala majira ya kupanda. Tangazo libandikwe shuleni, dukani, msikitini na kanisani, na mambo yatakayosemwa yaandikwe humo. Tangazo lisemalo "mkutano" tu, bila kusema wa nini, halimwiti mtu.

Pili, tuanze katika kitongoji. Watu wa kitongoji wakikaa pamoja jioni moja kabla ya mkutano, watajua wanataka neno gani, nao watamchagua mmoja wa kulisema vizuri. Mkutano wa watu mia tatu waliojipanga humalizika mapema kuliko mkutano wa watu thelathini wasiojua walichokuja kusema.

Tatu, mambo mazito yasemwe kwanza. Neno la ardhi lisiachwe katika "mengineyo." Likiachwa, mtu mmoja na asimame kwa adabu aseme, "Mheshimiwa Mwenyekiti, neno hili ni kubwa. Naomba liletwe mbele, au lingoje mkutano ujao." Neno hili halina matusi ndani yake, tena laweza kuokoa bonde zima.

Nne, muhtasari usomwe. Kabla ya kuanza mambo mapya, katibu asome yaliyoandikwa mara iliyopita, na watu waseme kama ndivyo yalivyokuwa. Majina ya waliohudhuria yaandikwe. Kitabu hicho ndicho shahidi wenu asiyekufa wala kusahau. Mkifika mbele ya hakimu, kelele zenu hazitasomwa, kitabu kitasomwa.

Tano, wanawake na vijana wasikilizwe. Katika mahali pengi akina mama huja kwa wingi kuliko sisi wanaume, lakini hukaa nyuma, kimya. Nani ajuaye njia ya kisimani kuliko yeye aiendeaye kila siku? Mwenyekiti na awaulize, tena awangoje wajibu. Na vijana wasiambiwe, "Kaa chini, wewe ni mtoto." Kijana wa miaka 18 ni mjumbe sawa na babu yake, na ardhi inayogawiwa leo ndiyo angaliilima kesho.

Kwenu ninyi machifu na wakuu wa mila nina neno la heshima. Madaraka ya sheria hamnayo tena, lakini mnayo masikio ya watu, na hayo sheria haikuyafuta. Chifu akienda mkutanoni, akaketi pamoja na watu, akainua mkono kama wengine, watu watamfuata. Akikaa nyumbani akangoja kuletewa habari, nao watakaa. Mila yetu ya kale ya kukaa chini ya mti mpaka watu wapatane haikufa. Imeandikwa katika sheria, na ninyi ndio warithi wake.

Kwenu waalimu naomba jambo moja. Sheria hizi zimesomwa na wachache. Tangu mwaka 2021 imetangazwa kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, basi hakuna tena sababu ya kuogopa vitabu hivyo. Someni, kisha waelezeni watu kwa maneno mepesi, jioni moja katika mwezi. Msiwe wanasiasa wa upande huu wala ule. Kuweni taa tu, na taa haichagui wa kumwangazia.

Na kwenu wanakijiji wenzangu, neno langu la mwisho ni hili. Kila baada ya miaka mitano twachagua wenyeviti na wajumbe. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Wengi hudhani kwamba wakishapiga kura kazi yao imekwisha. Sivyo. Kura ni kama kupanda mbegu. Mpanzi arudiye nyumbani akalala mpaka mavuno hukuta magugu, na huwa hana wa kumlaumu. Mikutano ile minne ya mwaka ndiyo palizi.

Basi kipande cha reli kitakapopigwa tena, msiulize kengele inamlilia nani. Chukueni viti vyenu, mwende. Mkikubali jambo, mlikubali mmekwisha kulielewa. Na mkilikataa, mlikatae mkiwapo.